Kuogelea ziwa la mlimani bila kuhatarisha maisha: mwongozo kwa waliozoea dimbwi la Nairobi

Kila Januari, na tena Agosti shule zikifungwa, napata swali lile lile. Mtu amejifunza kuogelea hapa Nairobi, sasa anapiga raundi zake ishirini bila kusimama, kikundi chao kinapanda Mlima Kenya upande wa Chogoria na ameskia huko juu kuna ziwa linaitwa Ellis. Anauliza, naweza kuingia? Ni baridi aje? Lazima wetsuti (ile nguo ya mpira ya kuzuia baridi majini)? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona afadhali niandike kila kitu mahali pamoja, juu wengine huuliza wakiwa tayari wako kwa gari wamepita Embu na hapo hakuna cha maana naweza kuwasaidia.

Jibu ni ndio, unaweza, na ni raha ambayo huwezi kuipata kwa dimbwi lolote. Lakini skiza: maji baridi ya mlimani huzamisha hata watu wanaojua kuogelea vizuri kabisa. Huwapata sehemu mbili, dakika ya kwanza wakiingia, na zile dakika za mwisho wakiwa wamekaa sana. Karibu kila kitu nimeandika hapa chini ni cha kukuvusha hizo sehemu mbili.

KABLA YA KUANZA

Anza na wewe mwenyewe. Kwa dimbwi la kwenu, uwe unaweza kuogelea mita 400 mfululizo bila kugusa ukuta, staili yoyote, hata ya chura. Uwe unaweza kuelea chali dakika 5 umetulia. Uwe unaweza kusimama wima kwenye maji marefu dakika 10 bila kushika kitu. Hiyo ya kuelea ndio watu huidharau na ndio itakuokoa siku moja. Kama moja ya hizo bado, nenda tu mlimani, lakini ziwani ishia maji ya magoti.

Kama una shida ya moyo, presha, pumu, kifafa, ama una mimba, ongea na daktari wako kwanza, na umwambie wazi ni maji baridi na ni juu ya mlima. Usimwambie tu "naenda kuogelea", atafikiria Mombasa.

Vitu vya kubeba:

- Kofia ya kuogelea ya rangi kali, machungwa ama pinki ya kung'aa. Nyeusi na bluu hupotea kwa maji, mtu wa ufuoni hawezi kukuona ukiwa hata mita 50.
- Boya la kuvuta, lile la kujazwa upepo linalofungwa kiunoni kwa mkanda. Hukuonyesha ulipo na ukichoka unalikumbatia unapumzika.
- Miwani ya kuogelea, uwe umeijaribu kabla.
- Wetsuti kama unataka kukaa zaidi ya dakika chache. Mpya ni bei, lakini ukiwa na subira soko la Gikomba ama Toi unaweza kuangukia ya mitumba. Angalia zipu na ukague chini ya makwapa kama kumepasuka. Ikuwe imekushika mwili, ikiwa pana maji baridi yataingia na kutoka na haitakusaidia chochote.
- Mtungi wa lita 5 uliofungwa vizuri, una maji kidogo ndani (kama vikombe viwili, ndio uwe na uzito wa kurushika), na kamba ya mita 20 imefungwa kwa mshikio. Hiki ndicho kifaa chako cha kuokoa na kinakugharimu karibu bure.
- Filimbi mbili, yako na ya mtu wa ufuoni.
- Kipimajoto cha maji. Kile cha kuogeshea mtoto mchanga kinatosha, kiko kwa duka lolote la vitu vya watoto.
- Nguo za kutoka: marvin (kofia ya sufu), sweta nzito, soksi za sufu, suruali pana ya kuvuta (jinzi hapana, hutaweza kuipandisha), jaketi ya upepo, shuka la Kimaasai, na viatu vya kutumbukiza mguu bila kufunga kamba.
- Thamosi ya uji ama chai tamu.
- Mtu wa kubaki ufuoni. Huyu usimwache Nairobi hata kama mengine yote umesahau.

Na mahali pia ni sehemu ya maandalizi. Kwa mtu wa mara ya kwanza mimi hupendekeza Ellis, karibu mita 3,500 juu ya bahari, kwa sababu linafikika kwa gari ya foo-wili siku ikiwa kavu na kwa hivyo unaweza kuwa na gari karibu ya kujipasha moto. Rutundu liko chini kidogo, karibu mita 3,100. Michaelson lile la bonde la Gorges liko karibu mita 4,000 na unafika kwa mguu tu. Ni zuri ajabu lakini hapo mtu mgeni achovye miguu atosheke.

Kuna mahali sitaki kuskia umeingia. Naivasha kuna viboko, Ol Bolossat kuna viboko, na kiboko akikukuta majini hakuna mbio utapiga. Ziwa Chala pale Taveta linaonekana kama kioo, na mwaka 2002 msichana Mwingereza aliyekuwa akiogelea pale na wenzake aliuawa na mamba. Mabwawa ya Ndakaini na Sasumua ndio hutupa maji ya kunywa hapa Nairobi, si ya kuogelea.

HATUA

1. Uliza. Ukifika geti waulize askari wa KWS (shirika la wanyamapori) kama kuogelea kunaruhusiwa wakati huo na mahali gani, na wakisema hapana basi ni hapana. Malipo ya kuingia hufanywa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, kwa hivyo maliza ukiwa bado na netiwaki. Alafu uliza wapagazi na wavuvi wa trauti, hao ndio wanajua ziwa. Usiulize "ni salama?" juu utajibiwa "ni salama" kwa heshima tu. Uliza maswali ya kitu: wanyama hunywa upande gani? Upepo huanza saa ngapi? Kuna mtu amewahi kupata shida hapa, alikuwa anafanya nini? Mzee mmoja mpagazi niliwahi kumsalimia tu, nikamuuliza swali hilo la mwisho, akanyoosha fimbo kwa majani fulani mazuri ya kijani nilikuwa nimeyalenga kama mahali pa kuingilia. "Hapo usipite kijana wangu, hapo tope humeza mguu mpaka hapa," akagusa juu ya goti. Nilikuwa nimebakisha dakika kumi niingie hapo.

2. Lala juu usiku mmoja. Nairobi tuko kama mita 1,700, kwa hivyo kwenda 3,500 ni kupanda karibu mara mbili kwa siku moja. Oksijeni ya kila pumzi huko ni kama theluthi mbili ya ile ungevuta Mombasa. Mwendo unaouona rahisi kwa dimbwi utakufanya uheme. Kama umeamka na kichwa kinauma, unataka kutapika ama umeishiwa nguvu, hakuna kuogelea siku hiyo, na ikizidi teremka, usingoje kuona kama itapoa.

3. Chagua saa. Mlimani asubuhi huwa wazi na maji yametulia, wingu hupanda kuanzia saa sita, mchana upepo unakata na mara nyingi mvua. Mimi huingia kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, jua likiwa limeshika kidogo ndio nikitoka nipate la kunipasha. Msimu mzuri ni Januari na Februari, alafu Julai mpaka Septemba. Ukiskia ngurumo hata ya mbali, toka, na usirudi mpaka dakika 30 zipite bila nyingine.

4. Lisome ziwa, na uanze na mahali pa kutokea. Watu wote huanza na pa kuingilia. Lakini utakapotoka mikono itakuwa imekufa ganzi na miguu kama si yako, kwa hivyo jiwe ambalo uliruka vizuri ukiingia linaweza kukushinda kulipanda. Tafuta mahali penye kokoto panapoteremka polepole, uingilie hapo na utokee hapo. Tembea kando ya ufuo ile sehemu yote utakayoogelea. Ingiza fimbo ndefu uone kina na tope. Angalia kinyesi na nyayo za nyati, kikiwa kibichi hama upande mwingine, nyati na ndovu hao maziwa ni yao. Mwisho rusha kijiti majini ukiangalie dakika mbili kinaelekea wapi, huko ndiko upepo utakusukuma. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na ziwa la mlimani linaweza kuwa la kiuno hapa na hatua tatu mbele huoni chini.

5. Pima joto la maji. Tumbukiza kipimajoto kwa kamba, kina cha mkono mmoja, subiri dakika mbili. Ikiwa juu ya digrii 20 ni kama dimbwi la Nairobi asubuhi ya baridi, utazoea. Kati ya 15 na 20 ni baridi ya kweli, bila wetsuti kaa dakika 10 mpaka 15 mara ya kwanza. Kati ya 10 na 15, dakika 5 bila wetsuti zinatosha kabisa. Chini ya 10, wewe wa mara ya kwanza ingia mpaka mabegani ukiwa umesimama, hesabu pumzi zako, toka. Kuna wenye hutumia hesabu ya dakika moja kwa kila digrii, maji ya digrii 12 wanakaa dakika 12. Hiyo waachie waliozoea miaka, wewe kata nusu.

6. Ongea na mtu wa ufuoni mkiwa wote mmekauka. Kazi yake ni kukuangalia, basi. Hapigi picha, hapiki, hachezi na simu. Anatembea kando ya maji sambamba na wewe akiwa na mtungi na kamba mkononi. Mkubaliane ishara: mkono mmoja juu ya kichwa ni niko sawa, kupunga mkono ni nisaidie, filimbi ndefu kutoka kwake ni toka sasa. Na mkubaliane kwamba muda ukiisha akipuliza, hakuna kubishana, hakuna "niongeze kidogo". Hii nasisitiza juu baridi huharibu akili kabla uijue, wakati unajiskia uko freshi sana ndio pengine yeye anaona midomo imebadilika rangi.

7. Panga nguo za kutoka. Zipange kwa mpangilio wa kuvaa, ya kwanza juu, nje ya mfuko, zimefunguliwa vifungo na zipu, zimefunikwa na jaketi. Thamosi iwe imelegezwa kifuniko. Inaonekana kama mambo madogo, utaelewa hatua ya 11.

8. Ingia polepole. Hapa nitakaa kidogo juu ndipo hatari kubwa iko. Maji baridi yakigusa ngozi yote kwa ghafla, mwili hushtuka wenyewe: unavuta pumzi moja kubwa bila kutaka, alafu unahema haraka haraka na moyo unakimbia. Huwezi kuizuia kwa ujasiri. Kama hiyo pumzi ya kwanza imekukuta kichwa kiko chini ya maji, umevuta maji. Hali hii hupanda sana ndani ya sekunde 30 za kwanza na hupoa ndani ya dakika moja mpaka tatu. Rafiki yangu, muogeleaji mzuri kuniliko, aliwahi kuruka kutoka kwa jiwe kwa sababu wenzake walikuwa wanahesabu moja mbili tatu. Alipotokea juu mdomo ulikuwa wazi na hakuna sauti ilitoka, macho yametoka, mikono inapiga maji kama mtu hajawahi kuogelea. Tulikuwa tumesimama mita nne kutoka kwake. Alishika kamba mara ya pili tuliporusha, na mpaka leo hataki kuongea sana kuhusu hiyo siku.

Kwa hivyo fanya hivi. Tembea mpaka magoti, simama. Jimwagie maji mikononi, shingoni nyuma, usoni. Tembea mpaka kiuno, simama tena, pumua nje kwa mdomo polepole kama unapuliza uji wa moto. Pumzi ya kutoka ndio ya kufanyia kazi, ya kuingia itakuja yenyewe. Shuka mpaka mabegani, kaa hapo umesimama, hesabu pumzi 20. Zikiwa zimetulia kiasi unaweza kusema sentensi nzima kwa mtu wa ufuoni bila kukatika, sasa ingiza uso, toa, ingiza tena. Hapo ndio unaanza kuogelea. Kama baada ya dakika tatu bado unahema, siku yako imeishia hapo na si aibu, toka unywe uji.

9. Ogelea kando ya ufuo. Usielekee katikati na usijaribu kuvuka upande wa pili. Kaa mahali ukisimama maji yanakufika kifuani, ama mita chache tu nje ya hapo. Umbali ni ule ule, mita 200 kando ya ufuo ni mita 200, tofauti ni kwamba ukipata shida uko hatua tano kutoka nchi kavu. Anza kwa kwenda kinyume na upepo ukiwa na nguvu, ndio kurudi upepo ukusaidie.

Ziwani hakuna mstari wa chini wa kufuata, na fristaili bila mstari kila mtu hupinda. Kila mikono sita ama nane inua macho tu juu ya maji, kama mamba, uone alama yako (jiwe kubwa, hema, mti), alafu geuza kichwa upande upumue. Usiinue kichwa chote, miguu itazama. Kama hujazoea hii, ogelea staili ya chura kichwa kikiwa juu, ni polepole lakini unaona kila kitu. Maji ya mlimani yanaweza kuwa na rangi ya chai na huoni hata kiganja chako, hiyo peke yake hutisha watu. Ukihisi woga umepanda, geuka chali, shika boya, angalia mawingu mpaka moyo utulie.

10. Toka ukiwa bado unajiskia vizuri. Jaribu hili kila dakika mbili: gusanisha kidole gumba na kidole kidogo cha mkono huo huo. Ikikataa ama vidole vimeachana kama chanuo na huwezi kuvibana pamoja, mikono imeanza kukuacha, toka hapo hapo. Mwili unavuta damu kwenda ndani kulinda moyo, na misuli ya mikono na miguu inapoa. Ndani ya kama dakika 10 za maji baridi sana, hata muogeleaji hodari hupoteza nguvu ya kujivuta. Ukifika maji ya magoti usisimame ghafla, shika mkono wa mwenzako, kizunguzungu hapo ni kawaida.

11. Vaa haraka, juu kwanza. Vua nguo zote mbichi za juu, jipanguse kwa kubonyeza taulo, marvin kichwani, sweta, jaketi, alafu ndio chini. Usidanganywe na ile raha ya dakika ya kwanza ukitoka. Mwili huendelea kushuka joto baada ya kutoka majini, kama dakika 10 mpaka 30, na hapo ndipo mtetemeko mkali huja. Mara yangu ya kwanza Ellis nilikaa nikipiga stori na taulo mabegani nikiona niko sawa. Baada ya dakika tano hivi nikachukua thamosi na sikuweza kufungua kifuniko. Nilikiona, nilijua kinazungushwa aje, vidole vikawa vinateleza tu juu yake kama vya mtu mwingine. Mwenzangu alinifungulia, akanishikia kikombe mdomoni, na meno yangu yalikuwa yanagonga ile plastiki.

Kunywa kitu cha moto na kitamu kidogo kidogo, kula ndizi ama mandazi, tembea taratibu. Usikimbilie moto ukakaa karibu sana, na usiingie shawa ya moto mapema, damu itakimbilia ngozi ghafla na unaweza kuzimia. Usiendeshe gari mpaka mtetemeko uishe kabisa na vidole virudi. Ile barabara ya kushuka mpaka Chogoria ni kama kilomita 30 na haitaki dereva mwenye mikono ya barafu.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA MWAKA

Pombe ndio ya kwanza. Hata bia mbili. Hufungua mishipa ya ngozi ukapoteza joto haraka huku ukijiskia umepata moto, na huondoa ule uoga kidogo ambao unauhitaji. Mkishakunywa, ziwa ni la kuangalia.

Tyubu ya gari. Naona watu wanapeleka watoto na wenye hawajui kuogelea ndani wakiwa wameshikilia tyubu. Upepo mdogo tu unaisukuma katikati, mtu anateleza, imekwisha. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokoa maisha lenye mikanda iliyofungwa, na bado abaki maji ya kiuno. Watoto hupoa haraka sana kuliko watu wazima, kwa hivyo wao ni kucheza ukingoni tu na mtu mzima awe anaweza kuwashika kwa mkono, si kuwaita.

Kupiga mbizi ya kichwa. Huoni chini, kuna mawe, shingo haina spea.

Kushindana. Mkiwa wanne kwa kikundi, mwendo ni wa yule wa polepole na muda ni wa yule anayeskia baridi zaidi.

Na kutojizoesha. Wiki tatu kabla ya safari maliza kuoga kwako kwa maji baridi, sekunde 30, alafu dakika moja, alafu mbili, ukifanya ile ya kupuliza uji. Asubuhi za Julai hapa Nairobi ni mazoezi tosha. Kuzoea huku hupunguza ule mshtuko wa kwanza kabisa, nimeuona tofauti kwangu na kwa kila mtu niliyemfundisha.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Pumzi imekataa kutulia. Acha kuogelea. Lala chali, masikio ndani ya maji, kumbatia boya, miguu icheze kidogo tu. Hii ndiyo ile kuelea nilikwambia ufanye mazoezi. Dakika moja ama mbili itapita, alafu ndio ufikirie kuelekea ufuoni ama kuita.

Msuli wa mguu umebana. Geuka chali, vuta vidole vya mguu kuelekea goti, subiri ulegee. Rudi kwa mikono peke yake.

Magugu yamekushika. Ukipiga teke yanajifunga zaidi. Acha miguu ilegee inyooke nyuma, rudi ulikotoka ukitumia mikono tu, taratibu.

Ukungu umefunika. Mlimani hushuka kwa dakika tatu na ufuo haupo tena. Usiogelee kwa kubahatisha. Simama majini, puliza filimbi mara moja, nyamaza, skiza. Mtu wa ufuoni anapuliza kila baada ya sekunde chache bila kuacha wala kuhama alipo mpaka umguse mkono. Ukiwa uliogelea kando ya ufuo kama nilivyosema, mara nyingi unashusha mguu tu na unasimama.

Unakohoa sana majini, kifua kimebana, unaskia mchemko ndani ya pumzi, pengine mate ya povu. Toka mara moja, kaa wima, upate joto, uteremshwe hospitalini siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa maji yamejaa kwa mapafu hata kama hukumeza hata tone.

Mwenzako anazama. Usitarajie kelele. Anayezama huwa wima, mdomo unaingia na kutoka kwa maji, mikono inasukuma kama anapanda ngazi, na hakujibu ukimwita. Usiruke ndani, atakupanda. Rusha mtungi upite kichwa chake alafu uuvute kamba imguse, ama mpe fimbo ndefu ukiwa umelala kifudifudi nchi kavu. Ongea naye kwa jina, "shika mtungi, shika".

Ametolewa na hapumui. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, ziba pua, mpe pumzi 5 kwanza, juu aliyezama amekosa hewa. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hivi, kwa kasi ya 100 mpaka 120 kwa dakika, pumzi 2, na uendelee hivyo bila kuchoka mkibadilishana. Usimbinue kichwa chini kutoa maji, unapoteza muda tu. Mwingine apige 999 ama 112, na kwa kuwa netiwaki huko ni ya kubahatisha, ulizia getini siku ya kwanza simu hushika wapi. Akirudi na akasema yuko sawa, bado ni hospitali.

Alikuwa anatetemeka, sasa ameacha na anaongea kama mlevi. Hii ni mbaya kuliko kutetemeka. Mlaze, usimtembeze. Toa nguo mbichi hata kwa kukata, mfunge blanketi na shuka pamoja na kichwa, weka kitu chini yake kwa sababu ardhi inanyonya joto. Chupa za maji ya vuguvugu makwapani na kifuani, juu ya nguo. Usimsugue mikono na miguu, usimpe pombe, na usimpe kinywaji kama hawezi kushika kikombe mwenyewe. Mshushe mlima.

Ngozi inawasha baada ya siku moja mbili. Kichocho huletwa na konokono wa maji matamu na hao hawapendi baridi ya juu sana, shida kubwa iko maziwa ya chini kama Victoria. Lakini wengi wenu mkitoka mlimani wikendi inayofuata mko Kisumu ama Homa Bay, na mtu hawezi kujua ni maji gani yalimpa. Kujipangusa haraka hakuzuii. Enda kliniki wiki 6 mpaka 8 baada ya kuogelea, upimwe choo na mkojo, umwambie daktari maji yote uliyoingia na tarehe. Dawa inaitwa praziquantel, kipimo chake ni kwa uzito wako, kwa hivyo usinunue ovyo dukani.

Homa ikikuja kabla ya hizo wiki, usingoje, nenda siku hiyo.